Kuweka Mfumo Mpya kwenye Kishikwambi cha Zamani: Nexus 7 ya Mwaka 2013

Kishikwambi kilichonifanya niandike maelezo haya ni cha ami yangu, mkaazi wa Mji wa Kale wa Mombasa, hatua chache kutoka Ngomeni. Ni Nexus 7 ya mwaka 2013, yenye kioo cha inchi 7, na kwa miaka mingi alikitumia kwa mambo matatu tu: kusoma magazeti, kusikiliza mawaidha, na kutazama saa za maji kujaa na kupwa kabla ya mwanawe kushusha mashua. Kisha tovuti zikaanza kumkatalia, moja baada ya nyingine, zikidai kwamba muunganisho si salama. Kioo kilikuwa kizima, betri ilikuwa ikifika jioni, na hakuna kilichovunjika, lakini fundi aliyepelekewa alisema kifaa kimekwisha umri wake na kilichobaki ni kununua kingine.

Kilichokuwa kimekwisha umri ni programu. Toleo la mwisho ambalo Google ililitoa rasmi kwa kifaa hiki ni Android 6.0.1. Tovuti salama hujitambulisha kwa cheti cha kidijitali, na kivinjari hukikubali cheti hicho iwapo tu kinamjua mdhamini wake. Let's Encrypt, mdhamini anayetegemewa na tovuti nyingi kwa kuwa vyeti vyake ni vya bure, hutumia cheti cha mzizi kiitwacho ISRG Root X1, ambacho Android inakitambua kuanzia toleo la 7.1.1, na utaratibu wa mpito uliokuwa ukivibeba vifaa vya nyuma ya hapo ulikoma mwezi Septemba 2024. Anayetaka tiba ya haraka anaweza kuweka toleo la Firefox linalokubaliwa na kifaa chake, kwa sababu kivinjari hicho huja na orodha yake yenyewe ya wadhamini, lakini programu nyingine zote ndani ya kishikwambi zitaendelea kuutegemea mfumo ule ule wa zamani. Tiba kamili ni kuubadilisha mfumo wenyewe, kazi ambayo mafundi wetu huiita kuflashi, na ambayo mtu mwenye kompyuta na subira anaweza kuifanya nyumbani kwa jioni mbili. Jioni ya kwanza yote ni ya maandalizi, na anayeiruka ndiye anayeishia kwa fundi.

Kujua ulicho nacho mkononi

Jina la Nexus 7 lilibebwa na vifaa viwili vilivyotengenezwa na ASUS kwa niaba ya Google, na tofauti zake si ndogo. Kile cha mwaka 2012 kina prosesa ya Tegra 3, RAM ya gigabaiti 1, mgongo wenye vidoto vidoto, na hakina kamera nyuma. Kile cha 2013 kina prosesa ya Snapdragon S4 Pro, RAM ya gigabaiti 2, mgongo laini, na kamera ya megapikseli 5 upande wa nyuma. Aidha, kila kimoja kilitoka kwa namna mbili: ya Wi-Fi pekee na ya kupokea laini ya simu. Watengenezaji wa mifumo hawavitambui vifaa hivi kwa majina ya dukani bali kwa majina ya ndani. Vile vya 2012 ni grouper na tilapia. Vya 2013 ni flo, kwa Wi-Fi, na deb, kwa laini. Mfumo wa deb hauwekwi kwenye flo, wala wa flo kwenye deb, hata kama vifaa vinafanana kama mapacha.

Google ilipenda kuvipa vifaa vya Nexus majina ya samaki, na grouper ni chewa yule yule anayeuzwa sokoni kwetu, na tilapia ni perege. Nilipomweleza ami jambo hili aliniuliza, "Mimi basi, mwanangu, mumenipa chewa au perege?" Nikamjibu kwamba chake ni flo, na kwamba kama ni samaki basi simjui.

Ili kupata jina la ndani kwa uhakika, zima kifaa kabisa, kisha shikilia kitufe cha kupunguza sauti pamoja na kile cha kuwashia mpaka itokee picha ya roboti wa Android aliyelala chali. Chini yake pana maandishi madogo, na mstari wa PRODUCT NAME ndio unaotaja flo au deb. Soma pia mstari wa LOCK STATE, ambao kwa kifaa ambacho hakijaguswa husema locked. Viandike vyote viwili kwenye karatasi. Kama umegundua kwamba chako ni cha 2012, ushauri wangu ni kukiacha kama kilivyo: RAM ya gigabaiti 1 haitoshi kwa mifumo ya sasa, na uhifadhi wake ulikuwa mzito tangu enzi za ujana wake.

Liko jambo moja la kuangalia kabla ya haya yote iwapo kifaa kimenunuliwa mkononi mwa mtu. Kuanzia Android 5.1, mfumo una ulinzi unaodai akaunti ya Google ya mwenye kifaa baada ya kila kitu kufutwa. Mwambie aliyekuuzia aondoe akaunti yake mbele yako. Akikataa, au akianza hadithi ndefu, mrudishie kishikwambi chake, kwa maana maelezo haya si ya kusafishia mali ya watu. Kwa hoja hiyo hiyo, usivijaribie vishikwambi vilivyogawiwa shule za msingi za umma kuanzia mwaka 2016; hivyo ni mali ya serikali.

Kuchagua romu

Romu, kwa lugha ya watu wa kazi hii, ni mfumo kamili wa Android uliojengwa na watu wengine mbali na kampuni iliyouza kifaa. Jambo hili linawezekana kwa sababu msimbo wa msingi wa Android uko wazi kwa kila mtu. Romu iliyokuwa maarufu kuliko zote, CyanogenMod, ilianzishwa na Steve Kondik mwaka 2009. Kampuni iliyokuja kusimama nyuma yake ilifunga huduma zake mwishoni mwa mwaka 2016, na watengenezaji wakaichukua kazi ile na kuiendeleza kwa jina la LineageOS. Hiyo ndiyo ninayoitumia hapa.

Kwa flo kuna njia mbili. Ya kwanza ni LineageOS 14.1, iliyojengwa juu ya Android 7.1.2, ambayo inaingia kwenye kifaa bila kubadilisha chochote katika mgawanyo wa uhifadhi wake, na ambayo tayari inakitambua kile cheti cha mzizi tulichokitaja. Ya pili ni LineageOS 18.1, yaani Android 11. Hiyo inahitaji nafasi kubwa zaidi kuliko ile ambayo Google iliutengea mfumo, nafasi isiyofika gigabaiti 1, kwa hiyo uhifadhi lazima ugawanywe upya, na kifaa kilichogawanywa hivyo hupewa jina jipya la flox. Kugawanya upya ni kubomoa kuta za ndani za nyumba na kuzijenga pengine. Stima ikipotea katikati ya kazi hiyo, au ukikosea faili, unaweza kubaki na kifaa kisichojua data yake inaanzia wapi.

Kwa mtu anayefanya kazi hii mara ya kwanza, na kwa kishikwambi cha kusomea na kusikilizia, ninapendekeza 14.1. Nasema hivyo nikijua kasoro yake: haipokei tena viraka vya usalama, na miaka ikisonga programu zitaiacha kama zilivyoiacha 6.0.1. Anayetaka kifaa kidumu zaidi aende kwenye flox baada ya kuizoea njia ya kwanza, akiwa na kompyuta ya mapajani yenye betri nzuri, na baada ya kuusoma mwongozo wa kugawanya mpaka mstari wa mwisho kabla ya kuandika amri yoyote.

Tovuti rasmi ya LineageOS huweka matoleo ya karibuni ya vifaa vinavyohudumiwa, hivyo 14.1 ya flo utaipata kwenye hifadhi za watu wengine. Hapo ndipo panapohitaji macho. LineageOS hutia saini ya kidijitali kwenye kila toleo lake rasmi, na imetoa hadharani ufunguo wa umma pamoja na programu ndogo ya kuhakiki saini hiyo. Itumie. Pale ambapo tovuti imetaja namba ya SHA-256 ya faili, yaani alama yake ya kidole, ilinganishe na ya faili uliyoipakua; kwenye Windows amri ni

certutil -hashfile lineage.zip SHA256

na kwenye Linux ni

sha256sum lineage.zip

Herufi moja ikitofautiana, futa faili na uipakue upya. Mara nyingi si uhalifu bali ni bando lililokatika kati, lakini kifaa hakitajali sababu.

Utahitaji faili mbili zaidi. Moja ni TWRP ya flo, programu ya rikaveri itakayofanya kazi ya kuweka romu. Nyingine, kama unataka duka la Google Play, ni kifurushi cha programu za Google. Katika Open GApps chagua ARM na si ARM64, kwa sababu prosesa hii ni ya biti 32; chagua toleo la 7.1, kisha uchague pico, ambacho ndicho kifurushi chenye vitu vichache kabisa. Ukichukua kikubwa utaletewa kosa la namba 70, maana yake nafasi ya mfumo imejaa. Ami hakuhitaji Google Play, hivyo nilimwekea F-Droid, duka la programu za msimbo wazi, na kishikwambi chake kikawa chepesi zaidi kwa sababu hiyo.

Kebo, tundu na nakala

Jioni yangu ya kwanza niliipoteza kwa kebo. Niliunganisha kishikwambi na kompyuta, taa ya chaji ikawaka, nikaandika amri ya kuorodhesha vifaa, na orodha ikarudi tupu. Niliondoa draiva, yaani programu zinazoiwezesha kompyuta kukitambua kifaa, nikazirudisha, nikawasha kompyuta upya mara tatu, nikashuku Windows, nikashuku kifaa, na nusura nimshuku ami mwenyewe. Kumbe kebo ile, niliyoinunua kwa bei ya kutupa, ilikuwa na nyaya mbili za umeme tu ndani yake, bila zile mbili za data. Kebo za namna hiyo zimejaa kwenye meza za wauzaji mjini, na kwa kuzitazama huzitambui. Ijaribu kebo yako kwanza kwa kunakili picha moja kutoka kwenye simu hadi kwenye kompyuta. Ikishindwa, itumie kwa chaji na utafute nyingine.

Tundu la micro-USB nalo lina maneno yake hapa pwani. Hewa ya chumvi huotesha ukungu wa kijani kwenye vipini vyake vya ndani, na vumbi hushikamana hapo kama udongo. Zima kifaa, uchovye mswaki laini kwenye spiriti kidogo, upitishe kwa upole, kisha ukiache kikauke kabisa. Kiungo kinacholegea unaweza kukivumilia unapochaji, bali hakivumiliki unapoandika mfumo.

Tazama pia mgongo wa kifaa. Kama umefura, au kioo kimeinuka pembeni, betri imevimba, na hiyo ni hatari ya moto. Usiendelee na lolote mpaka ibadilishwe. Kama iko sawa, ichaji ipite nusu, nami hupendelea ifike asilimia 70. Katika joto la kaskazi fanya kazi hii usiku, kifaa kikiwa juu ya meza tupu na si juu ya godoro.

Sasa nakala rudufu. Hatua itakayofuata ya kufungua kifaa, yaani kuliondoa kufuli linalozuia kuwekwa mfumo mwingine, hufuta kila kitu kilichomo: picha, sauti, faili zilizopakuliwa, vyote. Ufutaji huo umewekwa kwa makusudi, ili mwizi asiweze kukifungua kifaa na kusoma mambo ya mwenyewe. Nexus 7 haina nafasi ya kadi ya kumbukumbu, hivyo hakuna pa kujificha ndani ya kifaa chenyewe. Watu wengine hudhani kwamba TWRP itawachukulia nakala ya kila kitu. Ni kweli inaweza, lakini haiwezi kuingia kabla ya kifaa kufunguliwa, na kikifunguliwa hakuna tena cha kunakili. Kwa hiyo nakili kwa mkono. Mketishe mwenye kifaa karibu nawe na umuulize, folda moja baada ya nyingine. Katika folda ya rekodi za sauti ya ami tulikuta dakika kadhaa za sauti ya marehemu bibi akitoa maelekezo ya kupika mkate wa sinia, na yeye mwenyewe alikuwa amesahau kwamba zipo.

Kufungua

Kwenye kompyuta weka zana mbili za kukiamrisha kifaa kupitia kebo, adb na fastboot. Anayetumia Ubuntu ataandika

sudo apt install adb fastboot

na anayetumia Windows atapakua kutoka Google kifurushi cha zana hizo pamoja na draiva ya USB.

Kwenye kishikwambi fungua Mipangilio, ingia sehemu inayoeleza kuhusu kifaa, na uguse Nambari ya muundo mara 7. Utaambiwa kwamba sasa wewe ni msanidi programu, cheo ambacho hupewa kila mtu bila mtihani. Rudi nyuma, ingia Chaguo za wasanidi, uwashe Utatuzi wa USB. Ondoa pia akaunti ya Google na nenosiri la kioo. Unganisha kebo, kisha andika:

adb devices

Kishikwambi kitauliza kama unaiamini kompyuta hii, kubali. Namba ya kifaa ikitokea pamoja na neno device, uko tayari. Likitokea neno unauthorized, hukulijibu lile swali kwenye kioo. Endelea:

adb reboot bootloader

Hapo kifaa kitarudi kwenye yule roboti aliyelala, ambako ndiko kwenye butiloda, programu ndogo inayoamka kabla ya nyingine zote. Hakikisha kompyuta bado inakiona kwa kuandika fastboot devices. Kwenye Windows hapa ndipo draiva husumbua mara ya pili, hata kama adb ilifanya kazi. Kisha andika amri ambayo haina kurudi nyuma:

fastboot oem unlock

Onyo litatokea kwenye kishikwambi. Tumia vitufe vya sauti kuchagua ndiyo, na kitufe cha kuwashia kuthibitisha. Tangu siku hiyo kila ukikiwasha utaona kufuli lililo wazi chini ya jina la Google, na kufuli hilo ni ukumbusho wa haki kabisa: mtu yeyote mwenye kebo na kifaa chako anaweza sasa kuweka anachotaka ndani yake.

Kuweka rikaveri na romu

Bila kukiacha kifaa kiwake kwa kawaida, andika:

fastboot flash recovery twrp.img

Sekunde chache zinatosha. Baada ya hapo usiandike amri ya kuwasha upya. Tumia vitufe vya sauti, palepale kwenye kioo cha roboti, mpaka juu paandikwe Recovery mode, kisha ubonyeze kitufe cha kuwashia. Nasisitiza kwa sababu mfumo wa asili wa Google ukipewa nafasi ya kuwaka huirudisha rikaveri yake yenyewe, na utashangaa TWRP imekwenda wapi ilhali uliambiwa imeingia. Mimi nilishangaa mara mbili kabla ya kuelewa.

Ukiingia TWRP, telezesha kidole kukubali mabadiliko. Chagua Wipe, kisha Format Data, na uandike neno yes kama unavyoombwa. Rudi Wipe, ingia Advanced Wipe, uweke alama kwenye System, Cache na Dalvik, na kwa vile sasa hakuna kilichobaki cha kuhurumia, telezesha. Kisha chagua Advanced, halafu ADB Sideload, utelezeshe tena, na kwenye kompyuta uandike:

adb sideload lineage.zip

Asilimia zitapanda kwenye kompyuta, na kwa kawaida husimama kwenye 47 na kuacha. Usichomoe kebo. Kipimo hicho hakihesabu kama unavyodhani. Soma kioo cha kishikwambi chenyewe, ambacho ndicho kitakachosema kama kazi imefaulu au imeshindwa. Baada ya kufaulu, na kabla ya kukiwasha kifaa kwa mara ya kwanza, rudia ADB Sideload kwa kile kifurushi cha Google ikiwa unakitaka. Mpangilio huu haubadilishwi. Mfumo ukishawaka bila programu za Google umejipanga bila ruhusa zake, na ukizileta baadaye utapata mlolongo wa taarifa kwamba huduma fulani imesimama, usiokoma mpaka ufute data na kuanza upya.

Kama TWRP itagoma na kutaja kosa la namba 7, isome sentensi iliyo juu yake. Ndani ya kila romu mna maandishi yanayouliza jina la kifaa kabla ya kuandika lolote, na kosa hilo aghalabu maana yake ni kwamba jina halikulingana. Utakutana na watu wanaokushauri uifungue faili na kuufuta mstari wa swali hilo. Usifuate. Mstari ule ni kama bawabu anayekwambia kwamba nyumba uliyobisha si yako. Ukimwondoa mlangoni, nyumba haigeuki kuwa yako. Rudi kwenye karatasi uliyoandika jina la ndani, na utafute faili iliyo sahihi.

Sasa chagua Reboot, kisha System. Kuwaka kwa mara ya kwanza huchukua muda, pengine dakika 10 hadi 15, huku alama ya LineageOS ikicheza kwenye kioo. Weka birika jikoni. Ikipita nusu saa bila mabadiliko, shikilia kitufe cha kuwashia mpaka kioo kizime, uingie tena kwenye roboti kwa kitufe cha kupunguza sauti na cha kuwashia, ufungue rikaveri, ufanye Format Data, na uweke romu upya. Maadamu roboti yule anatokea na amri ya fastboot devices inajibu, kifaa hakijafa, hata kama mtu mwingine amekwisha kukisomea hitima.

Baada ya kuwaka

Jambo la kwanza ni kuhakiki tarehe na saa, kwa sababu kifaa kinachodhani tuko mwaka 1970 kitavikataa vyeti vyote, vizima na vibovu, na utadhani kazi yote imekuwa bure. La pili ni kujizuia. Kifaa hiki kina RAM ya gigabaiti 2, na kitakimbia vizuri kikipewa kazi mbili tatu. Kikijazwa programu ishirini zinazojiamsha zenyewe kitarudia uzito ule ule uliokukimbiza.

Programu za benki na za kutuma pesa zitaweza kukataa kufanya kazi, kwa kuwa hukiuliza kifaa, kupitia huduma ya Google, kama butiloda yake imefungwa na mfumo wake umeidhinishwa. Ziko hila za kuzidanganya. Sizielezi, kwa sababu kifaa chenye kufuli wazi na kisichopata viraka vya usalama si mahali pa kuweka pesa za mtu, na ami nilimkataza hata kufungulia barua pepe yake kuu humo.

Wenye vishikwambi vya Samsung wataona njia yao ni tofauti. Samsung haitumii fastboot. Ina hali yake ya kupokea faili, na zana zake ni Odin kwa Windows, au Heimdall kwa anayependelea msimbo wazi. Katika vifaa vyake vyenye ulinzi wa Knox, kuweka mfumo usio wake huchoma fyuzi ndogo ya kielektroniki ndani ya kifaa, alama isiyofutika hata ukirudisha mfumo wa asili. Vishikwambi vya bei ya chini visivyo na jina linalojulikana, kwa upande wao, mara nyingi havina romu ya kuaminika hata moja, na faili yoyote utakayoiona ikidai kuwafaa wote haiwafai wote.

Siku utakapotaka kurudi ulikotoka, Google ndiyo iliyotoa mfumo wa asili wa kifaa hiki, na hapa pana mtego mdogo wa majina: katika orodha ya mifumo ya kiwandani, flo inaitwa razor na deb inaitwa razorg, na toleo la mwisho ni lile lenye alama ya MOB30X. Ukishaifungua faili hiyo ya razor kwenye kompyuta, utakuta ndani yake hati iitwayo flash-all, yenye umbo la Windows na la Linux. Ingiza kifaa kwenye roboti, uiendeshe hati hiyo, nayo itarudisha kila kitu kwenye Android 6.0.1 na kufuta data njiani. Ami nimemhifadhia faili hiyo kwenye flashi diski, ndani ya droo ya kabati lake, na nimeifunga kwa mpira pamoja na kebo ile iliyofanya kazi.